Foleni, mpira kwa kila mtoto, au mechi ndogo? Ulinganisho kwa makocha wa watoto Malindi

Kocha wa watoto hapa Malindi ana njia tatu za kuitumia jioni yake. Anaweza kuwapanga watoto mistari, mmoja mmoja azunguke koni kisha apige shuti. Anaweza kumpa kila mtoto mpira wake. Au anaweza kukigawa kiwanja vipande, wacheze watatu kwa watatu au wanne kwa wanne. Zote tatu zina kazi yake, ila hazilingani, na anayechagua kwa mazoea tu hupoteza nusu ya muda wake bila kujua. Haya yameandikwa kwa kocha wa mtaani au mwalimu wa michezo mwenye watoto 20 hadi 30, wa miaka 5 hadi 15, kiwanja cha vumbi, mipira ya kuhesabu na giza linaloingia kabla kazi haijaisha.

Hesabu ya dakika 15

Chukua watoto 24. Ukiwapanga mistari miwili ya watoto 12, na kila zamu ikachukua sekunde 15 (kuzunguka koni tano, shuti, kutoka), kila mstari utapata zamu 60, yaani zamu 5 kwa mtoto. Hizo ni sekunde 75 za mpira. Dakika 13 na ushei zinazobaki ni za kusimama, kusukumana na kurushiana mchanga. Ule utukutu ambao kocha huupulizia kipenga, ameuandaa mwenyewe.

Ukiwaachia kiwanja kizima, 11 kwa 11, na ukatoa dakika 3 za kukimbilia mpira uliotoka barabarani, zinabaki sekunde 720. Gawa kwa wachezaji 22: sekunde 33 kila mmoja, na watoto wawili wako nje wakitazama. Kwa mgawanyo huohuo, njia zote zinasimama hivi:

| Njia | Mipira | Muda wa mtoto na mpira | Mpinzani |
|---|---|---|---|
| Foleni, mistari 2 | 2 | sekunde 75 | hakuna |
| Mechi 11 kwa 11 | 1 | sekunde 33 | yupo |
| Mechi 4 kwa 4, viwanja 3 | 3 | sekunde 90 | yupo |
| Mechi 3 kwa 3, viwanja 4 | 4 | sekunde 120 | yupo |
| Mechi 2 kwa 2, viwanja 6 | 6 | sekunde 180 | yupo |
| Kila mtoto na mpira wake | 24 | zaidi ya sekunde 600 | hakuna, mpaka umtie |

Huu ni wastani. Mtoto shupavu atachukua zaidi, mwenye haya atapata kidogo. Lakini tazama vizuri: foleni na 4 kwa 4 hazipishani sana kwa sekunde. Anayeitetea mechi ndogo kwa kusema tu kwamba watoto hugusa mpira zaidi, ameitetea nusu. Tofauti kubwa iko kwenye safu ya mwisho, ile ya mpinzani, na katika kile anachofanya mtoto asipokuwa na mpira. Kwenye foleni anangoja zamu. Kwenye mechi anarudi kuziba nafasi, anatazama mwenzake yuko wapi, anaamua apige chenga au atoe pasi. Koni haijawahi kumnyang'anya mtu mpira.

Watafiti wamelijua hili zamani. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walilinganisha makundi mawili yaliyojifunza mijongeo mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mjongeo wa kwanza mpaka ukaisha, ndipo likaenda wa pili. La pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka. Hapo ndipo foleni inapomdanganya kocha: jioni hiyo watoto wanang'aa kwenye koni, Jumamosi kwenye mechi hakuna kinachoonekana, naye anasema hawasikii. Kwa mtoto mdogo au anayeanza kabisa tofauti hiyo haiko wazi kiasi hicho, na yeye anahitaji kurudia kidogo kabla ya kuchanganyiwa. Kwa hiyo foleni haifutwi, hupunguzwa. Foleni ni chumvi, si wali.

Foleni ikihitajika, iwe fupi

Itumie mambo matatu: ufundi mpya ambao mtoto hajawahi kuufanya, kumfundisha kipa kudaka na kuanguka bila kuumia, na kumrudishia ujasiri mtoto aliyegongwa na sasa anaogopa mpira. Mstari usizidi watoto 3. Zoezi lisizidi dakika 10. Na liishie kwa mpinzani wa kweli.

Mfano wa pasi ya upande wa ndani wa mguu. Watoto wawili wawili, wakitazamana kwa umbali wa mita 6, katikati yao vidumu viwili vya lita 5 vilivyotiwa mchanga, mwanya wa mita 1. Mguu wa kusimamia ukae kando ya mpira, nafasi ya upana wa kiganja, vidole vikielekea kwa mwenzake. Mpira upigwe katikati, si chini. Makosa yana sababu zake, na ukizijua huhitaji hotuba. Mpira ukipaa, mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira au kifua kimelala nyuma. Ukienda pembeni, amepiga kwa vidole. Ukifika umechoka, kifundo kimelegea. Wakipitisha pasi 7 kati ya 10, waongezee umbali hadi mita 8. Wakipitisha tena, ondoa vidumu na umwingize mtoto wa tatu katikati awe mwizi. Kuanzia hapo foleni imekwisha, hata kama wanaonekana bado hawajakamilika.

Maneno nayo yana uzito wake. Uchunguzi wa Gabriele Wulf na wenzake umeonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akielekezwa kwenye kitu kilicho nje ya mwili wake kuliko kwenye kiungo chake. Basi "pitisha mpira katikati ya vidumu bila kuvigusa" ina nguvu kuliko "kaza kifundo, inua goti, fungua nyonga". Neno moja kwa zamu moja. Ukitoa maelekezo matatu, mtoto atafuata la mwisho au asifuate lolote.

Kila mtoto na mpira wake

Hii ndiyo njia ya watoto wa miaka 5 hadi 8. Umri huo mpira ni wa "mimi", na kumwambia mtoto wa miaka 6 agawe ni kupoteza pumzi.

Kikwazo ni vifaa, ila kwa kazi hii mpira wa makaratasi uliofungwa kwa nailoni na kamba unatosha kabisa. Hauruki, hauendi mbali, hauumizi kidole cha mguu mtupu. Haufai kwa pasi ndefu wala kwa kumfundisha kipa, maana uzito wake haufanani na wa mpira wa kweli. Watake watoto wenyewe waje nao. Atakayekuja bila, umtengenezee pale pale.

Mchezo mmoja unatosha kuanzia: mraba wa mita 15 kwa 15, kila mmoja aulinde mpira wake huku akijaribu kuutoa nje wa mwenzake. Wengi hukosea kwa kumtoa moja kwa moja aliyepoteza. Anayetolewa kwanza siku zote ni yule dhaifu, yaani anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa chini ya mwarobaini. Badala yake, aliyetolewa aguseguse mpira kwa nyayo mara 10, kisha arudi. Dakika 4, pumzika dakika 1, rudia mara tatu.

Mechi ndogo: kanuni ndiyo inayofundisha

Kuanzia miaka 8 hivi, mechi ndogo iwe uti wa mgongo wa mazoezi. Wazo la kuanza na mchezo ndipo ufundi ufuate si geni. David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliliandika mwaka 1982, wakilalamika kwamba watoto shuleni walikuwa wakifundishwa kupiga bila kufundishwa wapige lini na kwa nini.

Vipimo: 3 kwa 3, urefu mita 20 na upana mita 15. 4 kwa 4, mita 30 kwa 20. Pima kwa hatua ndefu za mtu mzima, karibu mita moja kila hatua. Goli mita 2, bila kipa, kwa ndara mbili au vidumu. Mpira ukitoka usirushwe kwa mikono. Mtoto auingize kwa mguu, kwa pasi au kwa kukimbia nao. Weka mpira wa akiba nyuma ya kila goli ukiwa nao. Michezo ya dakika 4, maji dakika 1.

Halafu, kila kasoro unayoiona itibu kwa kubadilisha kanuni, si kwa kupaza sauti.

Wakiufuata mpira wote kwa mkupuo, weka magoli mawili kila upande, moja kila pembe. Baada ya dakika chache mmoja atagundua kwamba upande wa pili hakuna mtu. Mwache agundue.

Wasipotoa pasi, panua kiwanja mita 5, au weka mchezaji huru anayechezea timu yoyote yenye mpira, ili kila mara wawe wengi kwa mmoja. Usiwawekee watoto wa chini ya miaka 9 sharti la kugusa mara mbili tu. Linaleta pasi nzuri za kupiga picha na linaua chenga, na chenga ikikosa kujengwa umri huo kuirudisha baadaye ni taabu.

Mmoja akifunga yote, usimtoe wala usimkemee kwa kujua. Timu yake icheze pungufu, 3 kwa 4, au mpeleke kiwanja cha wakubwa zaidi yake. Mtoto anayejificha mpeleke 2 kwa 2: hapo hapana pa kujificha, na mwenzake atamwita kwa jina.

Watoto wakisimama mstarini kuziba goli, chora kwa chokaa au majivu eneo la mita 3 mbele ya goli ambalo hakuna wa kusimama.

Na ugomvi wa nani acheze na nani, ambao Malindi hauishi, umalize kwa ngazi. Panga viwanja kuanzia cha chini hadi cha juu. Kila dakika 4 washindi wanapanda, walioshindwa wanashuka. Wakitoka sare, fumba jiwe mkononi wachague. Baada ya mizunguko minne au mitano, hodari wanakutana na hodari, wanaoanza wanakutana na wanaoanza, na hukumpanga mtu wala hukumwambia mzazi yeyote kwamba mwanawe yuko kundi la mwisho.

Mechi ndogo ina hasara zake. Kocha mmoja hawezi kuona viwanja vinne kwa pamoja. Mtoto anayepiga kwa ncha ya kidole ataendelea kupiga hivyo mwezi mzima kama hakuna aliyemtazama. Ukiwa peke yako, simama kwenye kiwanja kimoja kwa michezo miwili, mtoe mtoto mmoja kwa sekunde 30, mwonyeshe, mrudishe, mechi ikiendelea. Kuwasimamisha wote uwanja mzima kufanyike mara mbili tu jioni nzima. Watoto wakiwa 40 na kocha mmoja, hapo hatupendekezi mechi ndogo pekee. Tafuta kijana wa Fomu Tatu au Nne akae na kiwanja cha wadogo, hata kama kazi yake ni kuhesabu magoli.

Sauti ya kocha

Kuna kocha anayecheza mechi kwa mdomo: "Pasi! Piga! Rudi! Kulia!" Wachezaji wake wanakuwa na utii, na siku asipokuwepo wanapotea. Upande wa pili kuna anayekaa kimya akichezea simu, akasema anawaachia watoto wajifunze. Hakuna wa kuchagua hapo. Njia ni kuuliza, tena swali fupi lenye jibu uwanjani, wakati wa maji: "Mwanangu, ulipopata mpira, nani alikuwa peke yake?" Akijibu "sikumwona, kocha", umeshajua kazi ya kesho: kugeuza kichwa kabla mpira haujafika. Akijibu "Ali, lakini nilitaka kufunga", hilo ni jambo jingine, na si kosa kubwa kwa mtoto wa miaka 9.

Sifa nayo iwe na jina la kitendo. "Vizuri sana" haimfundishi kitu. "Uliinua kichwa kabla ya kupiga" inamwambia arudie nini.

Ukizungumza nao jioni, kocha ndiye akabili jua, watoto walipe kisogo. Hapa jua la jioni liko bara, kwa hiyo watoto watatazama baharini, na mashua zikipita utawakosa. Fupisha maneno.

Ufukweni au kiwanjani

Mchanga mpana wa ghuba ya Malindi, ulioletwa na Mto Sabaki mwaka baada ya mwaka, ni kiwanja cha bure, na mtoto akianguka hachubuki. Lakini kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia juu ya ardhi ngumu. Zoezi la dakika 60 kiwanjani lifanye dakika 40 mchangani. Mpira hauviringiki, kwa hiyo pasi ya chini haifundishiki huko. Chenga, kuruka, kuanguka kwa kipa na mpira wa hewani vinafundishika vizuri. Ukitaka mpira uviringike, shuka kwenye mchanga mbichi ulioachwa na maji.

Na hapo ndipo unapohitaji kujua mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri na kupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Ukipanga mazoezi ya jioni siku hizo utakuta kiwanja kimemezwa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, alasiri bahari huwa imepwa, ingawa haiendi mbali. Kila siku mabadiliko husogea kwa dakika 50 hivi, basi ratiba ya ufukweni haiwezi kuwa "kila Jumanne". Panga wiki ya bamvua kiwanjani na wiki ya maji mafu mchangani. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kutazama karatasi.

Magoli yafuate urefu wa ufuo ili shuti lisiishie majini. Kusi ikivuma utakuwa umewapa timu moja upepo; badilisheni pande kila dakika 4. Kabla ya kuanza, watoto wote watembee mstari mmoja kuokota vigae vya chupa, ndoana na nyuzi za nailoni. Ni dakika 3, na mtoto aliyekanyaga ndoana atakumalizia jioni nzima.

Kiwanja cha vumbi ni bora kwa pasi na kwa mbio. Ubaya wake ni vijiwe vya matumbawe na, msimu wa kaskazi, vumbi na joto. Machi ukitaka kuanza saa tisa unawaumiza. Anza saa kumi na nusu, maliza saa kumi na mbili kasoro robo: Magharibi hapa huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kulingana na mwezi, na mtoto wa Muyeye au Ganda anahitaji muda wa kufika kwao. Watoto wengi wana chuo (madrasa) baada ya shule au Jumamosi asubuhi. Zungumza na mwalimu wa chuo kabla ya kupanga, si baada ya watoto kuanza kutoroka, ukimtangulia, atakusaidia. Ramadhani, kazi nyepesi ya dakika 30 karibu na kufuturu, bila mbio za kushindana.

Kwa umri au kwa kimo

Kugawa kwa mwaka wa kuzaliwa ni rahisi na ndiyo kanuni ya mashindano. Kasoro yake ni kwamba aliyezaliwa Januari anacheza na wa Desemba kana kwamba ni sawa, na akiwa na miaka 9 hiyo ni tofauti ya karibu mwaka mzima wa mwili na akili. Ndiyo maana akademia nyingi duniani zina wengi wa miezi ya mwanzo ya mwaka: waliteuliwa kwa ukubwa, ikadhaniwa ni kipaji.

Kati ya miaka 11 na 15 hali huwa ngumu zaidi. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14 hivi, lakini mmoja hutangulia na mwingine huchelewa kwa miaka miwili. Kwa mazoezi ya kugongana, gawa kwa kimo. Kwa mazoezi ya ufundi na mashindano, gawa kwa umri. Kwa hiyo mvulana mrefu wa miaka 12 acheze jioni moja na wakubwa, ajifunze kwamba nguvu haitamwokoa kila siku.

Pima kimo kila baada ya miezi 3, kwa alama ukutani. Aliyeongezeka zaidi ya sentimita 2 yuko kwenye mruko wa ukuaji. Atakuwa mzito wa miguu kwa muda, atapoteza mpira aliokuwa akiumudu, na anaweza kulalamika maumivu chini ya goti au kwenye kisigino. Mpunguzie kuruka na mbio za ghafla, usimwambie ni mvivu. Maumivu yakimfanya achechemee, au yakimwamsha usiku, apelekwe kwa daktari.

Mambo mafupi

Namba ya mpira: chini ya miaka 8, namba 3. Miaka 8 hadi 12, namba 4, wenye mzunguko wa sentimita 63 hadi 66. Kuanzia 13 au 14, namba 5, wa gramu 410 hadi 450. Namba 5 kwa mtoto wa miaka 7 humfundisha kupiga kwa kidole, kwa kuwa hana njia nyingine ya kuusogeza.

Kupiga kichwa: Marekani mwaka 2015 walikataza kabisa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na Uingereza mwaka 2020 wakaondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Kwenye mechi ndogo za chini kwa chini hutakosa kitu ukikataza pia. Mtoto aliyegonga kichwa akaonekana kuzubaa, kutapika au kusahau matokeo, harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia.

Kupasha mwili joto: kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 FIFA ina mpango wake wa mazoezi ya kuzuia majeraha, tofauti na ule wa kuanzia miaka 14. Ukikosa muda, mchezo wa kati ambao kila msichana wa shule anaujua, wawili wakirusha na mmoja akikwepa katikati, ni maandalizi mazuri kuliko kuzunguka kiwanja mara tano.

Usalama: kocha asibaki peke yake na mtoto, wala asimpeleke nyumbani kwa bodaboda wawili tu. Kila mtoto ajue kwamba namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure na anaweza kuipiga.

Wasichana: pamoja au peke yao

Hadi miaka 9 au 10, pamoja. Hakuna sababu ya kimwili ya kuwatenga. Baada ya hapo, Malindi, wazazi wengi wataamua kwa kutazama mambo matatu: nani anafundisha, saa ngapi, na binti atavaa nini. Kikao cha wasichana peke yao, chenye mwanamke mtu mzima uwanjani, kitakuletea watoto 20 pale ambapo kikao cha mchanganyiko kingekuletea 4. Hijabu si kikwazo cha mashindano. Kanuni za kimataifa zimeiruhusu tangu 2014. Iwe ya kuvuta, isiyo na pini. Nenda nyumbani ukazungumze na mama yake, usimtume mtoto.

Ukiwa na mpira mmoja tu

Hapa ndipo wengi hurudi kwenye foleni, wakisema hawana hiari. Wanayo. Gawa watoto 24 makundi matatu ya 8. Kundi la kwanza lina mpira wa kweli, 4 kwa 4. La pili lina mipira ya makaratasi, kila mtoto na wake, kwenye mraba. La tatu linacheza kati. Badilisheni kila dakika 6. Mizunguko miwili ni dakika 36, na kila mtoto amecheza mechi dakika 12.

Zikipatikana pesa, nunua mpira wa pili wa namba 4 kabla ya kununua jezi. Loanisha sindano ya pampu kwa mate au tone la mafuta kabla ya kuitia, kwa sababu sindano kavu ndiyo inayochana kinywa cha mpira, na mpira mwingi unaotupwa hapa haukutobolewa na miiba. Usiujaze ukawa jiwe: ukiubonyeza kwa gumba, uingie kidogo.